Stoo ya chakula shuleni: mwongozo kwa wafanyakazi wa Mwanza wanaotaka kujitolea

Huu ni kwa wale ambao kazini kwao mtu amesimama kikaoni akasema, "Jamani, na sisi tukasaidie shule," watu wakapiga makofi, na sasa hakuna anayejua pa kuanzia. Mimi ni mtu wa uhasibu. Nilisukumiwa uratibu wa kundi letu kwa sababu eti nina mkono wa kuandika, na mengi niliyoandika hapa chini nimeyajua kwa kuyakosea kwanza.

Stoo ninayoisema si ile ya chakula cha mchana cha wanafunzi. Ni chumba kidogo, mara nyingi kilikuwa ofisi au darasa bovu, ambamo familia chache zenye watoto pale shuleni, zikikwama, hupata chakula cha kwenda kupika nyumbani. Marekani shule nyingi zina chumba cha namna hiyo na makampuni hupeleka wafanyakazi wao kwenda kupanga rafu. Kwetu utaratibu wenyewe ni mgeni kidogo, ingawa mwalimu kumfungia mtoto unga kwenye mfuko na kumwambia "mpelekee mama" ni jambo la siku zote.

Hatua ya 1: Nendeni shuleni mikono mitupu

Msinunue chochote bado. Watu wawili, si kumi na wawili, waende kumwona Mwalimu Mkuu siku ya kazi, wamsalimie, wakae, waulize swali moja: mnahitaji mikono lini? Sisi tulianza kwa kuuliza mnahitaji nini, tukapewa orodha ndefu iliyoanza na madawati. Haikuwa kosa lake. Ukimwuliza mwalimu wa shule yoyote hapa mjini anahitaji nini, atakutajia kila kitu, na kila kitu ni kweli.

Mkikubaliana, andikeni barua. Shule ya serikali haipokei kundi la watu wazima kila mwezi kwa maneno ya mdomo. Kwa shule iliyo Nyamagana barua inakwenda kwa Mkurugenzi wa Jiji, kwa iliyo Ilemela kwa Mkurugenzi wa Manispaa, nakala kwa Mtendaji wa Kata na kwa mwenyekiti wa kamati ya shule. Ndani ya barua wekeni sentensi hii bila kuipamba: hakuna mzazi atakayechangishwa fedha wala kufanyishwa kazi ili apate chakula. Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016, walimu wakuu wanaogopa chochote chenye harufu ya mchango usio na kibali, na wana haki ya kuogopa.

Hatua ya 2: Kwa bosi, ombeni saa

Bosi akisikia "kujitolea" anafikiri fedha. Mwambieni mnataka asubuhi moja kwa mwezi, watu sita, na gari la kazini kwa safari mbili. Basi. Ofisa utumishi aandike kwamba saa hizo zinahesabika kama kazi, asije dereva akakatwa mshahara. Nauli na maji ya kunywa vijulikane vinatoka wapi. Fedha za kununulia chakula ni habari nyingine: kama mtachangishana, mchango uwe wa hiari kweli, na orodha ya nani katoa ngapi isibandikwe ukutani.

Sita wanatosha. Chumba chenyewe kina upana wa hatua nne, na mtu wa saba anasimama mlangoni akipiga picha. Wekeni na akiba wawili, maana siku ya kwenda hakosekani anayeuguliwa.

Hatua ya 3: Majina si kazi yenu

Nani apewe? Shule ndiyo inayojua. Mwalimu wa malezi anamjua mtoto anayesinzia kila Jumatatu, anayejitolea kufuta ubao wakati wenzake wanakunywa uji ili asiulizwe kikombe chake kiko wapi. Kamati ya shule inakaa na mwenyekiti wa mtaa, orodha inatengenezwa, inafungiwa ofisini kwa Mwalimu Mkuu. Ninyi mnapewa namba tu: kaya ya 1 hadi ya 40, na mbele ya kila namba idadi ya watu na kama kuna mtoto mchanga.

Bosi wetu aliwahi kutaka majina "kwa ajili ya ripoti". Tulimjibu kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haichezewi, akanyamaza. Nadhani hata bila sheria ingetosha kumwuliza kama angependa jina la mama yake lipite kwenye barua pepe ya kampuni.

Na lugha. Mkiwa pale ni "wazazi". Si wahitaji, si walengwa, si kaya maskini.

Hatua ya 4: Itazameni stoo kabla ya kuijaza

Mwanza ni mji wa majabali, na majengo mengi yameegemea jiwe. Stoo yetu ya kwanza ukuta wake wa nyuma uligusana na jabali. Kiangazi ulikuwa mkavu kabisa. Mvua za Novemba zilipoanza, maji yakawa yanashuka juu ya jiwe na kupenya taratibu, hayaonekani. Siku tulipoinua kiroba cha chini kabisa hakikuinuka kama unga, kiliinuka kama tofali. Donge zima, kijani pembeni. Viroba vitatu tulivizika.

Kwa hiyo: wekeni kiganja ukutani, chini, asubuhi baada ya mvua. Pakiwa baridi na pananata, chakula kisikae upande ule. Sakafuni tandikeni chaga za mbao. Kati ya viroba na ukuta acheni nafasi ya mtu kupita na ufagio. Tafuteni bati linapovuja mchana, mlango ukiwa umefungwa: tundu litajionyesha lenyewe kwa mwanga.

Panya washughulikiwe kwa mitego. Sumu ya panya isiingie chumba cha chakula hata siku moja. Sabuni nazo zikae kwingine. Unga unavuta harufu, na hakuna anayesahau ugali wenye ladha ya sabuni ya mche.

Jambo moja la kusisitiza: kama mahindi na maharage ya chakula cha mchana yaliyoletwa na wazazi yanakaa chumba hichohicho, chora mstari sakafuni kwa chokaa. Yale ni mali ya wazazi, yana leja yake na kamati yake. Debe moja likivuka mstari bila maandishi, maneno mtaani yatasema walimu wanakula, na safari hii wafanyakazi wenu watakuwa ndani ya maneno hayo.

Hatua ya 5: Kununua

Hapa ndipo watu wa ofisini tunapigwa. Tuanze na vipimo. Sokoni Mwanza utaambiwa sado, debe, gunia. Sado ni lile kopo la rangi la lita nne, na wauzaji huhesabu sado tano kwa debe. Lakini kuna sado lililobonyezwa tako, na kuna gunia la lumbesa, lililojazwa hadi kuvimba juu, ambalo linaonekana baraka hadi ulipime. Beba mizani yako. Kwenye leja andika kilo, usiandike gunia.

Mfuko wetu kwa kaya ya watu watano umekuwa hivi: unga wa sembe kilo 10, mchele kilo 3, choroko kilo 2, dagaa nusu kilo, mafuta lita 1, chumvi nusu kilo. Unaisukuma familia karibu wiki, zaidi kidogo kama kuna viazi nyumbani. Kwa kaya 40 hiyo ni kilo 400 za unga, yaani viroba 16 vya kilo 25, mchele kilo 120, choroko 80, dagaa 20. Ukijumlisha yote gari dogo la kirikuu litakwenda safari mbili, usilibebeshe kwa moja halafu uanze kusukuma kwenye mlima.

Mbona choroko na si maharage? Mkaa. Mwezi wetu wa kuanza tulipeleka maharage mazuri, mekundu, ya bei. Mama mmoja akamwambia mwalimu kwa upole kwamba wamepokea na wanashukuru, ila maharage yale yamekula mkaa wa siku mbili na bado yalikuwa yanagoma. Maharage ya zamani huwa hivyo, hata uyaloweke usiku kucha. Mtu asiye na fedha ya unga hana fedha ya kuchemsha sufuria kwa muda wa saa tatu. Choroko zinaiva upesi, na zinalimwa hukuhuku, Misungwi na Kwimba. Mkipata maharage mapya, sawa. Yale ya stoo ya mwaka jana waachieni wenye gesi.

Sembe na si dona kwa sababu moja tu: dona ina kiini cha mahindi chenye mafuta, haikai muda mrefu kabla ya kuchachuka. Kama mnafungasha Jumamosi na unga umesagwa Alhamisi, dona ni bora kwa lishe, peleka dona. Kama unga utakaa stoo mwezi, peleka sembe, na tafuta ile yenye nembo ya virutubishi kwenye mfuko.

Mkinunua mahindi mkasage wenyewe, fanyeni jaribio la chupa. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia mahindi robo yake, tia chumvi kavu vijiko viwili, funga, tikisa kwa dakika moja au mbili, halafu iache itulie. Chumvi ikishuka chini yote, mahindi yamekauka. Ikibaki imenata kwenye kioo kama ukungu wa asubuhi ziwani, mahindi bado yana maji na yataota kuvu. Muuzaji atakucheka. Mwache acheke. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumukuvu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupika.

Dagaa sasa. Mkifika soko la samaki la Mwaloni Kirumba mjue kwanza mwezi uko wapi angani. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa hawakusanyiki kwenye taa, mitumbwi mingi inapumzika na bei inapanda. Kwa hiyo nunueni kipindi cha giza, hata kama siku yenu ya kufungasha ni wiki inayofuata. Na ulizeni walianikwa wapi. Wa mchangani ni nafuu, lakini mchanga unakuja nao. Wa kwenye vichanja wana gharama kidogo, ni safi. Mimi huchukua mmoja, namvunja katikati: akikatika kwa sauti, amekauka. Akijikunja, atanuka kabla ya wiki kuisha. Kisha natia mkono ndani ya gunia hadi kwenye kiwiko, nachota wa katikati, kwa sababu wa juu ni wa kuonyesha wateja. Mama aliyeniuzia mara ya kwanza aliniangalia hivyo akasema, "Baba, leo umekuja na mke wako moyoni." Nikalichukua kama sifa.

Mafuta nunueni chupa za lita moja zilizofungwa kiwandani. Msinunue dumu mkaanza kugawa kwenye chupa za maji zilizookotwa.

Hatua ya 6: Kufungasha

Ijumaa jioni mtu mmoja ahakikishe ufunguo upo na mwenye ufunguo wa pili yupo mjini. Kufuli ziwe mbili: moja kwa mwalimu wa stoo, moja kwa mjumbe wa kamati. Ninyi msishike hata moja. Inaudhi siku ambayo mmesimama nje saa nzima, lakini siku kilo zikipungua mtashukuru.

Jumamosi saa mbili asubuhi. Mikono inaoshwa kwa sabuni, vichwa vinafungwa, anayekohoa au aliyekuwa na tumbo la kuendesha wiki hiyo anapewa kazi ya leja nje. Panga watu kwa mstari: wawili unga, mmoja mchele na choroko, mmoja dagaa peke yake na mikono yake isiguse kingine, mmoja mafuta na chumvi, mmoja anahesabu na kuandika namba. Anayehesabu asibebe. Tulipomruhusu abebe, tulimaliza tukiwa na mifuko 41 na chumvi 38.

Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, kwa hiyo tumieni viroba vya kawaida, vilevile anavyobeba kila mtu akitoka dukani. Bila nembo ya kampuni. Hili tulibishana nalo sana, na mtu wa masoko kazini kwetu hakufurahi. Lakini mzazi anapita kwenye kundi la bodaboda wanaomjua, anapita mbele ya genge, anapanda ngazi za mawe. Kiroba chenye nembo kinatangaza njia nzima kwamba huyu kapewa. Kiroba kitupu kinasema katoka sokoni. Huko ndiko kumsitiri mtu.

Halafu uzito. Mfuko wote ni kama kilo 17. Shule ikiwa chini ya Mabatini, Igogo au Bugarika, mjue mfuko huo utapanda mlima kichwani, pengine kichwani kwa bibi anayelea wajukuu. Gaweni mara mbili: kiroba cha kilo 10 za unga, na kingine cha vilivyobaki, namba ileile kwenye vyote. Bibi anachukua kimoja leo, kingine kesho. Sisi tulilijua hili baada ya mwenzetu mmoja, kijana wa mazoezi, kujitolea kumsindikiza bibi hadi kwake. Alirudi amelowa shati, hasemi.

Hatua ya 7: Kukabidhi

Kama mnaweza, msiwepo.

Siku yetu ya kwanza tulikwenda watu 23. Fulana mpya, bango, meza yenye kitambaa, na mgeni rasmi aliyechelewa. Orodha ikasomwa kwa kipaza sauti. Nilikuwa nimekaa karibu na geti, nikamwona mama mmoja mwenye kanga ya kijani anaingia, anasimama, anasoma bango. Mlinzi akamwuliza, "Mama, umekuja kwenye chakula?" Akasema, "Hapana, nilikuja kuuliza matokeo ya mtihani." Ilikuwa Jumamosi. Akageuka. Viroba namba 17 vilikaa stoo hadi Alhamisi, mwalimu wa malezi alipovipeleka mwenyewe jioni kwa bajaji. Mwezi uliofuata tuliliacha bango ofisini.

Utaratibu tulioufikia ni huu. Mwalimu anawapigia wazazi simu mmojammoja. Wanakuja kuanzia Jumatatu hadi Jumatano kwa saa tofauti: mama wa dagaa anamaliza Mwaloni asubuhi, mama ntilie yuko huru baada ya chakula cha mchana, anayefanya kazi za ndani kwa watu anakuja magharibi. Anaingia kama mzazi yeyote anayekuja kuongea na mwalimu. Anaweka alama kwenye namba yake, anachukua, anaondoka. Mtoto habebeshwi mfuko mbele ya wenzake, na mtoto haambiwi darasani "mwambie mama aje achukue chakula".

Picha: hakuna ya mzazi, hakuna ya mtoto. Ripoti ikitaka picha, pigeni ya viroba vimepangwa kwenye chaga, na mikono yenu ikifunga kamba. Ni picha nzuri tu.

Na ikitokea mmoja wenu amekutana na mzazi pale, salamu ndiyo inayotangulia. Mkubwa kwako mwamkie shikamoo. Usimwulize mume yuko wapi. Wenye Kisukuma cha asubuhi, "mwangaluka" hufungua uso kuliko hotuba yoyote.

Hatua ya 8: Leja

Safu tano zinatosha: tarehe, kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, sahihi mbili. Kilichoharibika kinaandikwa pia, pamoja na kilikozikwa. Pimeni kilichobaki kila mwezi kabla ya kuongeza kipya, na kipya kikae nyuma ili cha zamani kitoke kwanza.

Hatua ya 9: Miezi

Makundi mengi ya kazini huja Desemba, karibu na sikukuu, kisha huyaoni hadi Desemba nyingine. Mwezi mgumu ni Januari: sare, madaftari, viatu, na huko vijijini ambako ndugu wangetuma gunia, mavuno bado. Februari na Machi haviko mbali na hapo. Kama bosi amekupa asubuhi sita tu kwa mwaka, tatu ziweke hapo.

Zilizobaki zipange kwa likizo. Shule ikifungwa mwanzoni mwa Juni na tena Desemba, mtoto aliyekuwa akipata uji na makande shuleni anarudi kula nyumbani mchana wote, na mwalimu anayewapigia wazazi simu huenda amesafiri kwao. Fungasheni wiki ya mwisho kabla ya kufunga, unga uongezeke kuwa kilo 15 na choroko ziwe 3. Dagaa acheni ileile nusu kilo, hawatavumilia likizo. Stoo iachwe tupu, imefagiliwa, chaga zimeinuliwa ukutani zipate hewa, na namba ya simu ya mjumbe wa kamati mwenye ufunguo iwe imeandikwa kwa Mwalimu Mkuu na kwa mratibu wenu, kwa ajili ya kaya ambayo mzazi wake atakuja tarehe 20 wakati kila mtu ameshaondoka.